Kwotabeki wa La Rochelle na Jumamosi ya mama yake

Saa kumi na mbili asubuhi, umande umeganda kwenye nyasi za uwanja mmoja wa Troyeville, Johannesburg. Gaël Ilunga anarusha mpira wenye umbo la yai, unapenya katikati ya tairi lililoning'inizwa kwenye uzio. Anaufuata, anarudi, anarusha tena. Saa mbili atakuwa ndani ya sare ya ulinzi kwenye duka la jirani.

Gaël (33) ni kwotabeki, yaani mrushaji anayepanga mashambulizi katika mpira wa Kimarekani. Ukitafuta Johannesburg nzima wanaoujua mchezo huo, hujazi teksi mbili. Hata hivyo ulimfikisha Poland, alikolipwa kucheza misimu miwili.

"Mshahara ulikuwa wa kula na kulala," anasema akicheka. "Lakini nililipwa kwa mkono huu. Sijutii."

Klabu ilipofilisika, akarudi nyumbani na kujiunga na timu ya mtaani isiyolipa. Siku moja alitoa maelekezo kwa Kiswahili, lugha ya wazazi wake waliotoka Kongo, akiamini wapinzani hawaelewi. Kumbe beki wao, Sidney, ni Mkenya. Gaël akiita "kushoto", Sidney ameshafika kushoto.

"Baada ya mechi alinipa mkono, akaniambia, 'Pole, ndugu yangu. Asante kwa kunielekeza,'" anakumbuka.

Sasa bega limechoka, na Jumamosi hii Gaël anacheza mechi ya mwisho. Baadaye anatarajia kuwafundisha wengine. Ameridhika, isipokuwa kwa jambo moja: mama yake, Hélène, msusi wa mtaa wa La Rochelle humo humo Johannesburg, hajawahi kumwona uwanjani.

Mechi huwa Jumapili, na Jumapili ya Mama Hélène ni ya kanisa mpaka alasiri. Hii ya mwisho ni Jumamosi, lakini hiyo ndiyo siku saluni inapojaa, siku inayolisha wiki nzima.

"Eish, sikumwomba," anasema Gaël. "Najua Jumamosi ni nini kwetu."

Saluni, Mama Hélène anajibu maswali bila kuacha kusuka.

"Hakuniomba. Iko na haya sawa baba yake," anasema. "Niliisha kuambia batu bote: samedi, Jumamosi hii, nafunga saluni."

Mteja aliye kitini anataka kujua kama mama ataweza kuvumilia, maana mchezo huo ni wa kuangushana.

Mama Hélène anakaza msuko.

"Nitaikala mbele kabisa," anasema. "Bakimuangusha mutoto wangu, naingia mule ndani."