Nilivyomtafsiria Mkwe Wangu Ukumbini

Jamani, habari hii kila nikitaka kuisimulia uso unapata moto, lakini nyie ni wenzangu, nichekeni tu yaishe.

Watu wa chuo kikuu walikuja kwetu Kakese kufanya utafiti wa akina mama wanaojifungua mbali na zahanati, na mimi nikawa mkalimani wao wa Kisukuma (darasa la saba tu, ila lugha zote mbili nazielewa). Kiongozi wao, Dokta Neema, akanichukua hadi kwenye kongamano lao Mpanda mjini, nitafsiri ushuhuda wa mama mmoja mbele ya wasomi. Asubuhi ile mama yule akaugua, wakatafuta mwingine, na aliyepanda gari alikuwa mama yake Limi, binti niliyekuwa nimemposa.

Kwetu mkwe humsogelei, humtazami usoni, wala habari za mwili hazitajwi kati yenu. Ningemwambia Dokta pale pale. Lakini nikaona aibu, na nilishavaa shati la kuazima, basi nikanyamaza. Mama alijifunika khanga usoni akanipa mgongo. Hakushuka, kwa sababu wanawake wa kijijini walimwomba akawasemee.

Ukumbini akaongea kwa muda mrefu, mgongo kwangu. Akaeleza uchungu ulivyomkuta kwenye mkokoteni, mtoto akatanguliza mkono, damu ikatoka mpaka kwenye magurudumu, mtoto akafa kabla hawajafika barabarani (hata sasa naandika nimeinamisha kichwa). Alipomaliza nikashika kipaza sauti, nikasema, "Anasema mtoto aliugua njiani, akafariki."

Mzee mmoja mwenye miwani akauliza, "Yote yale aliyoongea ndiyo hayo tu?"

"Kisukuma ni kirefu," nikajibu.

Akasimama mama mmoja msomi. "Mimi ni Msukuma. Kijana, mbona unameza maneno ya mwenzio? Na kule vijijini alitafsiri nani?"

"Ni huyu huyu," Dokta Neema akasema.

"Basi utafiti wenu tuuamini vipi?" akauliza yule mzee.

Kule vijijini nilitafsiri kila neno, maana wale hawakuwa wakwe zangu. Dokta akaninong'oneza, "Jitetee basi, mdogo wangu." Nikasogea kwenye kipaza sauti, nikatoa nilichokuwa nacho. "Huyu ni mkwe wangu."

Ukumbi mzima ukacheka.

Mama hajui Kiswahili. Alichosikia ni kicheko, wakati ametoka kueleza kifo cha mwanawe. Akakaza khanga, akatoka nje peke yake. Yule mama msomi akamfuata mbio kumweleza, lakini hakutaka kusikiliza mtu. Kurudi Kakese Dokta hakuniangalia tena.

Jioni Limi akaja hadi kwenye uzio wetu, hakuingia. "Mama anauliza uliwaambia nini kilichowachekesha."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa," akasema. "Lakini mimi siwezi kumfanya asisikie kile kicheko."

Mshenga wetu alirudi na jibu la kukataliwa, na sikumlaumu mtu. Siku hizi nikiitwa kutafsiri nauliza kwanza anayeongea ni nani. Akiwa mtu ninayemwonea haya nasema siwezi, kwa sauti, mbele za watu, hata kama nimeshavaa shati la mtu.