Nishikie Kidogo

Niliingia hiyo ofisi ya town nikiwa mtu wa kupiga data, kuingiza namba za makaratasi kwa kompyuta siku nzima. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Satellite, niko na watoto watatu, na jioni nikitoka kazi nilikuwa napitia darasa la kompyuta. Nilipomaliza masomo, Mungu akanifungulia, nikafanywa opereta. Opereta ndiye anakaa na kompyuta yenyewe, kwa ile chumba ya baridi, na sweta hata Januari.

Kompyuta ilikuwa moja tu, kubwa kama kabati nne zimepangwa. Lakini ilikuwa imegawanywa kwa ujanja, hata kila programa, yule wa kuandika programu, akiketi kwa skrini yake anaona ni kama ako na kompyuta nzima peke yake, na disku yake ya kuweka faili. Sisi tuliziita mashine hewa. Fikiria ploti ya kupanga: nyumba ni moja, lakini kila mpangaji ako na mlango na kufuli yake. Programa alijaribu kazi yake humo ndani, na akiharibu, ameharibu kwake tu.

Halafu hizo mashine hewa zikaanza kufa. Leo moja, kesho mbili. Mwenyewe akiifufua anapata faili zingine hazipo, na zingine ziko na maneno hajawahi kuandika. Na zilikuwa zinakufa asubuhi, kwa shifti yangu. Maprograma walikuwa watu wa univasiti, na walijua mimi huomba kabla ya kuanza kazi. Wakawa wanasema, Mathe, ndivyo waliniita, anaombea mashine mpaka zinalala. Nilicheka na wao. Lakini bosi, mzee wa Kihindi mpole sana, aliniita akaniambia hii mambo isipoisha mwezi huu, atanirudisha kwa data. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniuma.

Fundi alikuja, akabadilisha vyuma, akaenda. Zikaendelea kufa.

Nikachukua daftari. Kila mashine ikikufa naandika ni ya nani na ni saa ngapi. Wiki mbili hivi, nikaona kitu: hakuna hata moja imekufa kabla ya saa nne. Zote ni baada ya chai ya saa nne.

Kesho yake saa nne nikaenda kukaa na maprograma, nikijifanya napanga karatasi. Toroli ya chai ikaingia. Mmoja akasimama, akaacha skrini yake ikiwa wazi, akaambia jirani, "Nishikie kidogo."

Hiyo ni maneno ya kila siku. Tunashikiana kiti kanisani, tunashikiana laini kwa benki. Lakini huyo jirani hakuhama kiti. Kutoka kwa mashine yake mwenyewe alifungua disku ya mwenzake, paswadi anaijua, akaendelea na kazi ya mwenzake. Mwenye disku akarudi na kikombe chake, naye akaendelea pale alipoachia, na jirani bado hajatoka. Watu wawili kwa chumba moja, kila mmoja anapanga vitu gizani, na kila mmoja anadhani ako peke yake. Huyu akiweka faili, yule anaifunika, mpaka mashine inachanganyikiwa inakufa.

Nilimwomba bosi mashine hewa mbili zisizo na kazi ya mtu, na maprograma waje waone. Nikafungua disku moja kutoka pande zote mbili, nikaandika huku, nikaandika kule. Mara ya tatu moja ikakufa mbele yao.

"Lakini Mathe," mmoja akasema, "mimi nilikuwa namsaidia tu."

"Najua," nikamwambia. "Lakini ukimshikia mtu mtoto, si yeye huachilia kwanza?"

Walicheka mpaka bosi akacheka. Siku hiyo hiyo tukaweka sheria: disku ya mwenzako utasoma, hutaandika mpaka yeye atoke. Mwezi ukaisha bila mashine ingine kufa.

Bosi akaniita tena. Nilienda nikiwa nimejipanga kwa lolote. Aliuliza tu kama naweza kuwa mwenye kugawa hizo mashine zote, nani apewe, nani aandike, nani asome. Nikasema naweza. Sikuwahi kurudi kwa data. Namshukuru Mungu, na nisidanganye, naringa pia. Wale wa univasiti walianza kupiga hodi kwa mlango yangu.