Bolti ya Dola Elfu Ishirini

Kila Jumamosi asubuhi yule mama mstaafu wa kiwandani huja kwenye yadi ya magari mapya pale katika mji wa Lansing, na kila akija, Dudek muuzaji hujifanya ana simu ya kupokea. Mama hasalimii mtu. Huenda moja kwa moja kwenye magari mawili mekundu ya injini kubwa: lile la nguvu za farasi mia nne themanini, na ndugu yake aliyeongezewa mtambo wa kushindilia hewa akafika mia sita hamsini. Hupitisha kidole gumba kilichopinda kwenye mwanya wa mlango, maana kiwandani milango ya magari haya aliifunga yeye kwa bolti, miaka thelathini na moja. Kisha husoma bei, midomo ikimchezacheza.

Jumamosi hii alikuta karatasi ya pili kwenye kioo cha lile la kawaida: nyongeza, dola elfu ishirini.

“Wewe kijana! Hili lenye mtambo naelewa likizidi bei. Hili jingine mmelifungia nini?”

“Hakuna, mama. Ni bei ya soko tu. Yanagombaniwa.”

“Fungua boneti.”

Dudek akafungua, hata yeye hakujua kwa nini.

“Haya, nionyeshe bolti ya elfu ishirini.”

Dudek, mtu mzima na tai yake, akainama, akaangaza macho kwenye injini kana kwamba kweli ataiona. Mama akaibandua ile karatasi kwa ukucha, taratibu, bila kuichana, akambandika kifuani na kuilainisha kwa kidole gumba kilekile.

“Kilichoongezwa hapa ni wewe tu,” akasema. “Basi kaa na bei yako.”