Siku tuliyosimamisha harusi Bendera ili tuisikilize ardhi

Habari za jioni wakuu. Ninachokiandika nilikiona kwa macho yangu na mikono yangu ilikuwemo, kwa hiyo anayetaka kubisha abishe, ila kwa adabu.

Juzi kuna kijana humu aliuliza kama kweli mtu anaweza kuona kilichoko chini ya ardhi bila kuchimba. Mkamjaza habari za waganga. Sasa ngoja niwaeleze.

Ilikuwa ile miaka soko huria limeingia. Sabuni na sukari zikaonekana tena madukani bila foleni, tatizo likawa mfukoni hamna kitu.

Mimi ni Muha. Nilitoka Kigoma kuja kukata mkonge, shamba letu likafungwa, nikahamia kijiji cha Bendera, wilaya ya Same, kulima mahindi kwenye kipande cha kuazima.

Aliyefika tambarare ya Same anajua. Mvua inaishia mlimani kwa Wapare, sisi wa chini tunaitazama tu.

Maji tulifuata mbali. Kila kisima kilichojaribiwa kijijini kiligonga jiwe kavu. Mfadhili akakubali kuleta mtambo wa kuchimba, lakini shimo moja tu. Mkikosea, imekula kwenu.

Ndipo akaja Dada Neema, mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu. Binti mdogo, kavaa suruali. Wazee walinuna mpaka alipowapitia mmoja mmoja na shikamoo yake, wakalainika.

Alitandaza waya mrefu wenye vidude vya kuchomeka ardhini, sisi tukaviita masikio. Mimi nikapewa nyundo kubwa. Kazi yangu kupiga bamba la chuma lililolazwa chini, basi. Nikipiga, mashine yake inachora mistari.

Nikamuuliza, "Dada, hapa tunatafuta nini hasa?"

"Kaka Yusufu, ukigonga pipa unajuaje maji yameishia wapi?"

"Mlio unabadilika."

"Na ardhi ni hivyo hivyo. Wengi wanachukua mlio wa kwanza kufika tu, mwingine wanautupa. Mimi nataka wimbi zima, mpaka mkia wake."

Akanieleza kwamba kule chuoni ataiambia kompyuta ibuni ardhi ya huku chini. Kompyuta inaipiga hiyo ardhi nyundo ya uongo, inalinganisha mlio wake na mlio wangu. Haifanani? Inarekebisha ardhi yake kidogo, inapiga tena. Inaendelea hivyo mpaka mlio wa uongo na wa kweli iwe kama mapacha.

Kwa Kizungu ina jina refu, nimelisahau.

Shida ni kwamba masikio yale yalisikia kila kitu. Mbuzi akipita, yamo. Watoto wakicheza rede, yamo.

Siku ya mwisho betri iliyochajiwa Same mjini inakata roho, dizeli imebaki ya kumrudisha tu, na mstari uliobaki unapita kando ya barabara. Mara tukasikia honi.

Lori la harusi! Linashuka na bibi harusi kutoka mlimani, kwaya imejaa nyuma inaimba, huku upande wa bwana harusi wakilipokea kwa ngoma na vigelegele.

Dada Neema akashika kichwa. "Kaka, nenda kawaombe."

Nikatoka mbio. Wakuu, nilichosahau ni kuiacha nyundo.

Hebu piga picha: jitu kifua wazi, jasho tupu, linalikimbilia lori la harusi na nyundo mkononi. Dereva alizima gari mwenyewe!

Mzee Eliya, baba mdogo wa bwana harusi, akaja juu. "Wewe Muha, unateka harusi ya watu?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Haya, toka njiani kabla sijakupeleka mahakamani."

Nikajieleza kwa kubabaika: tunapima maji, tunaomba ukimya kidogo. Watu wakaangua kicheko. Harusi ikae kimya?

Bibi harusi akafunua shela. "Mnatafuta maji? Huku ninakoolewa?"

"Hapa hapa, dada."

Kwao mlimani mfereji unapita karibu na mlango. Akakusanya gauni lake, akashuka, akawageukia wote.

"Nyamazeni. Hayo maji nitayabeba mimi kichwani, si ninyi."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Kwaya nzima imeganda juu ya lori. Bwana harusi kasimama kama mti. Wapiga ngoma wamekumbatia ngoma zao zisije zikalia kwa upepo.

Nikapiga. Nikahama, nikapiga. Mama mmoja kigelegele kikamponyoka, ikabidi nirudie, na bibi harusi akamkata jicho ambalo hata mimi lilinipata.

Dada Neema aliponyanyua mkono kwamba tayari, kwaya ililipuka, milima ikaitikia.

Miezi ikapita. Akarudi na picha. Ile ya mlio wa kwanza peke yake ilionyesha jiwe tupu kila mahali. Ile ya wimbi zima ilionyesha bonde limefukiwa, mto wa zamani uliojaa kokoto, unapita pembeni mwa zizi la Mzee Eliya.

Mwenyekiti alitaka shimo liwe karibu na ofisi ya kijiji. Dada Neema akasema, "Siapi, picha inaweza kukosea. Ila ingekuwa kwangu, ningechimba hapa."

Walibishana kutwa nzima, mwishowe wakamkubalia.

Siku ya mtambo, vumbi. Vumbi tena. Dada Neema hakula kitu, anatafuna kucha tu. Watu wakaanza kuondoka.

Halafu vumbi likawa tope. Tope likaruka juu, maji nyuma yake, yakamwosha Mzee Eliya na koti lake la kanisani. Hakukimbia. Alisimama pale pale, akafumbua mdomo, akanywa.

Wakuu, nyundo nimeishika, ni nzito. Lakini kufanya kijiji kizima kinyamaze kwa pamoja ni kazi nzito zaidi. Nilichojifunza: kabla hujachimba, nyamaza usikilize, tena mpaka mlio uishe wenyewe.

Wa Same na wa Bendera mpo? Na wataalamu wa miamba mlioko humu, nilipokosea kueleza nirekebisheni. Jukwaa ni lenu.