Joto la Kakao kwa Mama Atupele

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Shamba wa Wilaya hakunipa hata kiti. "Binti, cheti chako nimekiona," alisema. "Twende Busale tukaone kama kinafanya kazi." Alikuwa mkali, jamani, lakini namshukuru mpaka leo.

Tulifikia kwa Mama Atupele, mjane mwenye mpunga na kakao. Tulimkuta anafunua tenga, anamwaga mbegu mbichi za kakao mkekani. "Zimeshika moto! Zitaoza zote!" Mnunuzi alikuwa amekwisha kumkatalia mizigo, naye ameapa kwamba na mzigo huu ukikataliwa, miti yote aliyoachiwa na mumewe anaikata.

Nilimwelewa. Huku kwetu tumelelewa kwenye mpunga, na mpunga ambao haujakauka ukilundikwa ukapata joto, umekwenda na maji. Basi na kakao nayo, joto likianza tu, watu walikimbilia kuianika.

"Rudisha upesi, mama, ufunike na majani ya migomba," alisema Bwana Shamba. "Binti, mweleze kwa nini."

Nikajikakamua. Nilimweleza kwamba ute mtamu wa kakao una sukari; vijidudu visivyoonekana vikiila, nishati iliyofungwa ndani yake hutoka kama joto. Huo ndio mmenyuko, yaani kitu kugeuka kuwa kitu kingine. Joto na uchachu huiua mbegu, na ndani yake vimeng'enya huanza kazi. Vimeng'enya hivyo huharakisha mmenyuko ambao vinginevyo ungesuasua mno. Huikata protini, ambayo ni mnyororo mrefu, ibaki pingili zake ziitwazo asidi amino. Pingili hizo zikikutana na sukari wakati wa kukaanga, ndipo chokoleti hunukia.

"Mwanangu, hayo mazito," alisema Mama Atupele. "Niambie tu, zikiungua?"

"Haziungui, mama. Zikipoa mapema ndiyo hasara."

Alizirudisha mbegu tengani shingo upande. Karibu wiki nzima nilimkuta anapapasa majani, roho mkononi. Tukawa tunazigeuza pamoja, kisha tukaanika.

Mnunuzi alipokuja, alipasua mbegu kwa kisu. Za zamani zilikuwa zambarau, chungu kama dawa. Hii ilikuwa kahawia, ina nyufa. Akanusa, akasema, "Pakieni."

Mama Atupele alinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu! Asante sana!" Akalia mbele za watu, nami nikalia, mtaalamu mzima!

Baadaye nilihamishiwa Mwaya, kisha ofisi ya wilaya, chini ya wakubwa wapole na wengine wa kelele. Wote walinifunza, na sasa nimestaafu nikiwa na moyo mweupe.

Mwezi uliopita nilipita Busale. Macho ya Mama Atupele hayaoni tena vizuri. Nilimkuta katikati ya miti yake ya kakao, mkono kauzamisha kwenye majani ya migomba, anamkaripia mkwe wake: "Usifunue, wewe! Ziache, ndiyo kwanza zinaanza kazi!"