Mtu wa Nunguni Aliyezijua Ajali Zote

Kabla sijaanza, ujue kwamba mimi si mtu wa kuona majini. Kazi yangu ni spana, grisi na karatasi za ukaguzi. Mimi ni fundi wa helikopta. Katika kazi yetu kitu kikiharibika tunatafuta sababu mpaka tuipate: nati iliyolegea, mafuta yenye maji, rubani aliyechoka. Kisa hiki nimekitafutia sababu kwa miaka mitatu na sijaipata. Usiponiamini sitakulaumu. Ningekuwa wewe, hata mimi nisingeamini.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa kampeni. Tulikuwa tumekodiwa na mgombea mmoja ambaye tulimwita Mheshimiwa, ingawa alikuwa bado hajachaguliwa. Mashine yetu ilikuwa ile helikopta ndogo ya viti vinne, yenye panga mbili juu na injini ya petroli. Ni mashine nzuri, lakini haisamehe. Rubani alikuwa Kapteni Mwende, mama wa makamo kutoka Kitui, asiyecheka akiwa kazini. Mimi nilisafiri nao kiti cha nyuma, pamoja na magunia ya fulana na leso za kampeni.

Tulikuwa tumelala Nunguni, na mashine tukaiacha kwenye uwanja wa mpira. Kama hujawahi kufika Nunguni mwezi wa saba, nenda na sweta mbili. Ukungu unashuka usiku na hauna haraka ya kuondoka. Asubuhi hiyo Mheshimiwa alitakiwa kuwa mjini Kwa Vonza saa tano, na huko chini, tuliambiwa kwa simu, jua lilikuwa linawaka. Kapteni alienda ukingoni mwa uwanja kutazama bonde la kuelekea Mbooni. Mimi nikabaki nikipima magunia kwenye mizani yetu ndogo, kwa sababu mashine ile ukiizidishia uzito inakuonyesha.

Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama kando ya injini.

Alikuwa mwanamume wa kama miaka arobaini, mwenye koti la jinzi, nywele zimelowa umande. Nilidhani ni mmoja wa wale wanaokuja kuona helikopta. Alinisalimia kwa Kikamba, "Wimuseo," nikamwitikia. Kisha akasema, "Nipime na mimi."

Nilicheka, nikamwambia apande. Akapanda mizani kwa miguu yote miwili, na mshale haukusogea. Niliigonga mizani kwa kidole, nikidhani springi imekwama. Aliposhuka nikapanda mimi, mshale ukaruka mpaka kwenye uzito wangu wa kila siku. Niamini, hata hapo sikushtuka. Akili ya fundi inakimbilia kusema chombo kimeharibika.

"Unajua hizi huanguka vipi?" akaniuliza, huku ameweka kiganja ubavuni mwa injini.

Nikasema najua. Ripoti nimezisoma.

"Kuna mmoja aliona ndege mkubwa mbele yake," akasema. "Akainua pua ya mashine, kisha akaisukuma chini kwa haraka. Mashine ikawa nyepesi, kama gari likiruka tuta. Ikaanza kulala upande, akailazimisha kurudi, panga zikagonga nguzo yake na kuukata mkia. Alisema tu, 'Mama.' Mwingine honi ilimlilia kwamba panga zinapungua mwendo. Badala ya kushusha wenzo wa mkono wa kushoto, akaupandisha. Panga zikasimama angani. Huyo alikuwa akihesabu, sijui alikuwa anahesabu nini. Mwingine alibeba watu wanene saa saba ya mchana kutoka juu ya kilima chenye joto, hewa ikashindwa kuwabeba. Mwingine alifuata mto, hakuona waya wa stima. Alikuwa anaimba."

Aliendelea hivyo, bila kupaza sauti, ajali baada ya ajali. Na mimi niliyezisoma zile ripoti nilizitambua moja moja. Lakini ripoti hazisemi mtu alisema nini mwisho. Mashine ndogo ya aina hii haina kile kisanduku cha kurekodi sauti. Sasa yeye aliambiwa na nani?

Niliacha kupima magunia.

"Ya mwisho ilianguka pale," akasema, akionyesha bonde ambalo Kapteni alikuwa akilitazama. "Rubani alikuwa mama. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, kama dirisha. Mama hakutaka kuruka. Abiria akamwuliza, 'Kapteni, kwani mimi nimekodi helikopta ama nimekodi woga?' Wakaruka. Unyevu ukaganda ndani ya kabureta, injini ikaanza kukohoa. Mama akavuta kitufe cha hewa moto ya kuyeyusha barafu, kikavutika vizuri sana. Lakini kule ndani hakikufungua kitu. Fundi alikuwa amesahau kukaza kibanio cha waya wake."

"Hiyo ilikuwa lini?" nikamwuliza. "Sijasikia ajali hapa."

Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu.

"Fundi alikuwa kiti cha nyuma," akasema.

Kapteni aliniita. Niligeuka kumwitikia, na nilipogeuka tena pale kando ya injini hapakuwa na mtu. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande. Nyayo zangu zilionekana, na za Kapteni, zimechora mistari ya kijani. Za mtu wa tatu hazikuwepo.

"Unaongea na nani muda wote huo?" Kapteni akaniuliza alipofika.

Nikamweleza yote, hata yale maneno ya abiria, neno kwa neno. Kapteni alinisikiliza huku amekunja uso.

"Jana ulilala saa ngapi?" akasema.

Hapo gari la Mheshimiwa likaingia uwanjani. Na kweli, ukungu ulikuwa umeanza kufunguka. Upande wa Mbooni palitokea nafasi ya mraba, yenye anga la samawati, mtu angeweza kusema njia ndiyo hiyo. Mheshimiwa akatazama saa.

"Twende, kumefunguka."

"Tungoje kidogo, Mheshimiwa," Kapteni akasema. "Inaweza kufunga tena."

Mheshimiwa akatabasamu, kwa kuwa watu wake walikuwa wanamsikiliza. "Kapteni, kwani mimi nimekodi helikopta ama nimekodi woga?"

Watu wake wakacheka. Kapteni Mwende hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Akaingiza mkono ndani ya mashine, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Hatuendi," akasema.

Nisikuchoshe na matusi tuliyotukanwa. Mheshimiwa aliondoka kwa gari lake, akateremka kwa barabara, na sisi wawili tukabaki. Nilifungua kifuniko cha injini, nikamwomba Kapteni avute kile kitufe cha hewa moto. Akavuta. Waya ukateleza wenyewe, na kilango cha hewa kikabaki kimefungwa vilevile. Kibanio kilikuwa kinaning'inia. Siku mbili kabla ya hapo, tukiwa Kitui, nilikifungua ili nisafishe, simu ikaita, nikaongea, nikafunga kifuniko nikaenda kula. Mkono wangu ndio uliosahau.

Kapteni angeweza kunimaliza kwa maneno. Alisema tu, "Kaza. Halafu uandike kwenye kitabu, na uandike ukweli."

Nilikuwa bado nimeshika spana ukungu ulipofunga tena. Lile dirisha lilizibika, hata magoli ya uwanja hatukuyaona. Na ndipo tukasikia. Nakuapia, tulisikia wote wawili. Helikopta ilipita juu yetu ndani ya ukungu, ikielekea bondeni. Ule mlio wa panga mbili hauwezi kunipotea, ndio mkate wangu. Ulikuwa mlio wa mashine yetu, ambayo wakati huo nilikuwa nimeiegemea, imezimwa, ya baridi kama jiwe. Mlio ukafika kule bondeni, ukakohoa mara mbili, ukakatika.

Tulingoja kishindo. Hakikuja. Kulikuwa na kimya tu, kirefu, kimya ambacho hata mbwa na kuku wa Nunguni walikiheshimu.

Kapteni aliketi chini kwenye umande. Nikaketi karibu naye. Akanishika mkono kama dada anavyomshika ndugu yake matangani.

Saa sita anga likasafika kabisa. Tulipiga simu huku na huku, hakuna helikopta nyingine iliyokuwa imeruka pande zile. Tukaruka, tukapita juu ya bonde lile polepole. Chini kulikuwa na mama mmoja na watoto wake wakichuma maharagwe. Walituinulia mikono. Kapteni alilia mpaka tukavuka bonde lote, bila sauti, mikono yake imetulia kwenye usukani.

Kwa yale niliyoandika kitabuni nilinyimwa ruhusa ya kutia sahihi karatasi za ukaguzi kwa miezi kadhaa, na nilistahili. Kapteni Mwende bado anarusha. Tukikutana tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, jambo lile hatuligusi. Mimi silali kabla sijarudia kazi ya mchana kichwani, kitu kwa kitu, na mara nyingi mke wangu huniona navaa viatu alfajiri kurudi kufungua kifuniko nilichokifunga vizuri.

Nakuomba jambo moja. Siku ukikodi mashine hizi, na rubani akikwambia tungoje, agiza chai ungoje. Usimfanyie mzaha mbele ya watu. Na kama kazi yako ni ya kukaza vitu ambavyo uhai wa wengine unavitegemea, usijibu simu kabla hujamaliza. Sisi tulitumiwa mtu. Sijui kwa nini, na sijui kama kuna mwingine atakayetumiwa.