Sabini na Mbili Nini?

Mwalimu wetu wa hesabu amejaa chaki hadi viwikoni, na hana msamaha. Zidisha urefu wa tangi, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa elfu moja upate lita, ukiandika sabini na mbili tupu, anakukata alama mbili na kukuuliza, "Sabini na mbili nini? Mbuzi?" Jana, simu aliyokuwa akiichungulia tangu asubuhi iliita. Akasikiliza, chaki ikamponyoka. "Binti yangu kajifungua salama!" akatuambia. "Tatu nukta mbili!" Darasa zima tukaitikia, "Nini, Mwalimu? Mbuzi?" Akajifuta machozi kwa kifutio cha ubao, akachukua kalamu nyekundu, akajikata alama mbili kiganjani.